Mwaka Nilioacha Kutukanwa

Treni ilitoka Dar es Salaam jioni, na kulipokucha tulikuwa tumeshaingia Ugogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekaa daraja la tatu kando ya dirisha lisilofungika, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naiona nchi ambayo jina langu limetoka. Ndahani ni jina la Kigogo, lakini mimi nilikulia Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na Kigogo changu kilikuwa salamu mbili tu. Nikatazama ardhi nyekundu, nyumba za tembe zenye paa bapa, ng'ombe wembamba waliosimama bila kula, nisihisi chochote. Treni iliposimama Saranda, akina mama wakaja madirishani na sinia za kuku, nikanunua paja moja. Mzee aliyekaa mbele yangu, kofia ya kufuma kichwani, akaniuliza jina. Nikamtajia. "Ndahani? Mgogo wewe?" Nikaitikia kwa kichwa. Hapo hapo akanyoosha mkono, akalichukua lile paja kutoka kwenye karatasi yangu, akaling'ata, akawageukia wenzake: "Leo Mgogo ametulisha! Babu zake waliwavua nguo babu zetu kwa kikombe cha maji." Behewa zima likacheka. Mama mmoja akamwambia aniachie angalau mfupa. Mimi sikucheka. Niligeuza uso dirishani, na kutoka pale hadi Tabora, kupitia Manyoni na Itigi na yale mapori ya miombo yasiyokwisha, sikusema na mtu. Yule mzee aliposhuka, stesheni chache kabla ya Tabora, aliniwekea mapajani karanga za kuchemsha na kopo la asali. "Shika, Mgogo, usije ukasema Wanyamwezi wamekuua kwa njaa." Niliviacha chini ya benchi. Siku hizi, nikiikumbuka safari ile, kuku hanisumbui. Inanisumbua asali.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita Kulwa alinipigia simu. Kulwa tulijitolea pamoja katika tawi la chama mwaka ule, na ni yeye peke yake wa Tabora ambaye namba yake imehama nami kutoka simu hadi simu. "Mzee Maganga amefariki," alisema. "Tumemzika jana. Wagogo walikuja wengi, wale wa reli na watoto wao. Walituchekesha mpaka tukasahau kulia." Nikasikia pikipiki ikipita huko aliko, kisha akasema, "Nilidhani labda ungekuja." Sasa hivi niko Mbinga, natunza stoo ya kahawa ya mtu, na kabla ya hapa nimetunza stoo za watu wengine katika miji ambayo nikianza kuihesabu nachoka. Ningeweza kumjibu Kulwa kwamba ni mbali, mabasi matatu na siku tatu, kwamba angenieleza mapema. Ukweli ni kwamba nisingejua nikae wapi katika msiba ule. Msibani kuna mahali pa ndugu, pa majirani na pa watani. Mahali pa watani palikuwa pangu kwa kuzaliwa, nami nilipakataa kwa barua.

Kwa msomaji wa kwingine nieleze kidogo. Zamani za misafara, Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka bara hadi pwani, na njia ilikatiza Ugogo, nchi kavu, ambako wenyeji walitoza nguo na shanga kwa kila kisima. Uadui ule ulipopoa uligeuka utani. Mnyamwezi na Mgogo wana ruhusa ya kutukanana mbele za watu, kunyang'anyana chakula, na kuzikana. Haya yote nayajua leo. Wakati ule nililijua neno utani kama kila mtu nchini anavyolijua, ila sikujua kwamba lina mlango uliofunguliwa kwa ajili yangu. Na kwa malezi niliyopewa, mtu mzima hakutukani isipokuwa amekuchukia, na mtoto hamjibu mtu mzima hata akichukiwa.

Nilifanya msimu mmoja Urambo, kuandika lebo za marobota ya tumbaku. Masoko yalipofungwa nikarudi Tabora mjini, nikapanga chumba nyuma ya soko. Sikuwa na siasa. Nilikuwa na mwandiko. Shuleni walimu walinipa niwaandikie ubao, na hadi leo nikiona herufi zilizolala vibaya mkono unaniwasha. Basi siku moja nikapita mbele ya ofisi ya tawi, chumba kimoja chenye bendera iliyopauka, nikaona tangazo la mkutano ukutani limeandikwa kama kuku amelipekua. Barazani mwa chumba cha pili, pembeni ya pasi ya mkaa iliyokuwa ikifuka, alikaa fundi cherehani wa miaka kama sitini, mkanda wa kupimia shingoni. Huyo ndiye Mzee Maganga, mwenyekiti wa tawi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanzu au suruali?"

"Hapana, mzee. Nimeona tangazo lenu. Naweza kuliandika upya. Kwa kujitolea."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Kujitolea! Tatu, njoo umwone mtu wa kujitolea." Ndani akatoka mama wa makamo, mkuu wa akina mama wa tawi, ambaye sauti yake ilikuwa ikifika sokoni kabla yake. "Kijana," mzee akaendelea, "huna mke hapa, huna shamba, huna hata kuku. Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu, mzee."

"Basi wewe ni hatari kuliko wanaotafuta. Jina?"

"Elia Ndahani."

Akavua miwani, akanitazama kuanzia viatu. Halafu uso wake wote ukafunguka. "Mgogo! Tatu, funika mtungi wa maji!" Bi Tatu akapiga kigelegele. "Unajua kwa nini mimi ni fundi cherehani?" mzee akaniuliza. "Babu zako waliwavua nguo babu zangu njiani. Ukoo wetu mpaka leo unashona kufidia." Nilisimama na tabasamu la mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake. Nilipewa wino na karatasi, nikaliandika tangazo, na chai ilipokuja wote walipewa vikombe, mimi nikapewa bakuli. "Mgogo na bakuli lake," alisema Bi Tatu, kwa maana ombaomba wengi wa mijini husemekana ni wa kwetu. Nilikunywa huku masikio yananiwaka moto.

Bakuli lile lilichukua vikombe viwili na nusu, na maziwa yake yalikuwa mengi kuliko ya mtu yeyote pale. Jambo hili lilinichukua miaka kuliona.

Miezi iliyofuata ilikwenda hivyo. Nilinakili daftari la wanachama upya, jina kwa jina, kwa kuwa la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Niliandika kadi, nikaandika mihtasari ya vikao, nikazunguka na Kulwa mitaani kualika watu mikutanoni. Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya wote, nafagia, nakaa kwenye meza yenye miguu mitatu na tofali moja. Ukuta kati ya ofisi na chumba cha Mzee Maganga ulikuwa wa udongo na haukufika darini, kwa hiyo kila neno lilivuka. "Mgogo wetu amekula?" nilimsikia mzee akiuliza karibu kila mchana. "Mpeni matobolwa kabla hajaanza kutega mikono." Hapo Bi Tatu alikuwa akija na sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na kijiko cha asali ambayo kaka yake alikuwa akirina Ipole, akiibwaga mezani na kusema, "Kula, ombaomba, chama kisije kikashtakiwa." Niliyasikia yote isipokuwa lile neno "wetu". Mtu anaweza kukaa chumba kimoja na neno kwa miezi minane asilisikie.

Kulwa aliniona ninavyokunjamana. Alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, mwenye baiskeli isiyo na breki. "Ni utani tu, bwana," aliniambia tukiwa tunabandika matangazo. "Kwa nini hujibu?"

"Nijibu nini?"

"Mwambie yeye mpagazi. Mwambie kichwa chake kimebonyea kwa mizigo ya Waarabu. Atafurahi mpaka akuoze binti."

"Mimi simtukani mtu mzima."

"Basi utakufa na matusi tumboni," alisema, akaendelea kupaka gundi. Nami nilikuwa nimeshasikia maneno "utani tu" kutoka kwa kila mbabe wa bweni, baada ya kila kofi. Sikuyaamini.

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya furaha. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Mzee Maganga aliitisha mkutano wa tawi kutangaza kwamba ataomba chama kimsimamishe udiwani. Alikuwa ametumikia tawi lile maisha yake yote ya utu uzima bila kuomba cheo kingine, na watu walijaa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeandika kila bango lililoonekana pale. Nilivaa shati jeupe. Mzee alianza kutambulisha watu waliomsaidia, mmoja mmoja, na kila mmoja akapigiwa makofi, nikawa nimejiandaa kuinuka. "Na yule pale kwenye shati la kuazima," akasema, "ni Mgogo. Msimpe maji, atawauzia wenyewe. Tumemweka hapa tumlinde, tukimwachia atafungua kituo cha ushuru mlangoni." Umati ukaangua kicheko. Mama mmoja akatupa kanga yake miguuni pangu, "Chukua, usinivue kwa nguvu!" Niliinuka, lakini si kwa kupigiwa makofi. Nilitoka nikatembea hadi chumbani kwangu na kujilaza chali.

Kesho yake katibu wa kata alinikuta sokoni. Nitamwita Festo. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi, na tangu nifike Tabora ni yeye tu aliyeniita kwa jina langu kamili. Aliniingiza mgahawani, akanivutia kiti, akaagiza soda. "Ndugu Ndahani," alisema, "jana niliona haya kwa niaba yako. Hatukujenga nchi hii ili kijana msomi adhalilishwe kwa kabila lake." Nilikaribia kulia. "Wewe una mwandiko. Andika. Katiba ya chama inakulinda." Sikujua, na sikuuliza, kwamba alikuwa na mtu wake aliyeutaka udiwani ule ule. Niliandika siku hiyo hiyo, kurasa mbili, kwa kalamu ya wino, na ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilitaja bakuli, kanga, mtungi. Niliandika: "Mimi na mzee huyu hatuna uhusiano wowote unaompa ruhusa ya kunitamkia maneno haya." Sentensi hiyo niliisoma mara tatu kwa jinsi ilivyokaa vizuri. Festo aliigonga muhuri mbele yangu.

Habari ilifika tawini kabla yangu. Asubuhi ile niliposema shikamoo, Mzee Maganga alijibu, "Marahaba, ndugu Ndahani. Umeamkaje?" Bi Tatu alileta chai. Yangu ilikuwa katika kikombe, na chini ya kikombe sahani ndogo, na kando ya sahani kijiko. Aliviweka mbele yangu, akaondoka. Nililiona kuwa ushindi. Kwa wiki nzima nilikaa mezani wima kama afisa, nikipewa karibu na asante na tafadhali, na siku ya nane nikagundua kwamba ukutani hakuvuki tena sauti. Walikuwa wakiongea kwa kunong'ona. Nilipoingia, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Wanachama waliokuja kuchukua kadi walinipa mikono miwili, wakaninamia kidogo, wakaondoka. Saa za kula, sahani yangu ililetwa imefunikwa kwa kitambaa safi na kuachwa mezani, nikala peke yangu. Tangu nifike sikuwahi kutendewa kwa heshima namna ile, na sikuwahi kujua kabla ya hapo jinsi heshima inavyoweza kumtoa mtu nje bila mlango kufunguliwa.

Kisha dada yake mkubwa Mzee Maganga akafariki. Tawi zima lilikwenda, nami nikaenda, nikakaa nyuma. Maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Kabla jeneza halijatolewa, mzee mmoja wa Kigogo, mstaafu wa reli, alitokea uani amevaa kanga za marehemu, ameshika mkongojo wake, mgongo ameupinda kama wa marehemu. Akamwendea Mzee Maganga aliyekuwa ameinamisha kichwa, akamsuta kwa sauti nyembamba ya kikongwe: "Wewe Maganga, ile suruali ya mume wangu ulishona mguu mmoja mrefu, akatembea nayo Idi nzima kama korongo!" Waombolezaji walipasuka kwa kicheko. Mzee Maganga aliinua uso, machozi yanatiririka, na alikuwa anacheka kwa nguvu mpaka mabega yakamtikisika. "Rudi jenezani, mchawi!" akajibu. Jeneza lilipoinuliwa, yule Mgogo akalala chali katikati ya njia. "Hapa Ugogo! Hampiti bila ushuru!" Akaletewa kikombe cha maji, akanywa taratibu, msafara mzima ukimsubiri, kisha akainuka yeye mwenyewe na kuweka bega chini ya jeneza. Hakulishusha mpaka makaburini.

Nilielewa nikiwa nimesimama. Nikaelewa treni, bakuli, kanga, mtungi uliofunikwa, yote kwa mkupuo.

Wakati wa kurudi yule mzee wa reli alinisogelea. Akasema maneno ya Kigogo, nami sikuyaelewa, akageukia Kiswahili. "Ndiye wewe wa barua?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Umetuaibisha. Sisi hatujawahi kushindwa na Mnyamwezi kwa mdomo, sembuse kwenda kumshtaki."

Siku ya pili yake nilikuwa mlangoni kwa Festo. Nilimwambia naiondoa barua. Alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu. "Barua ikishagongwa muhuri si yako tena, ndugu yangu. Ni ya chama." Wiki mbili baadaye niliitwa mbele ya kamati ya maadili ya wilaya kama shahidi.

Kikao kilifanyika ukumbini, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, jagi la maji katikati. Mzee Maganga alikuja na suti ya kijivu aliyojishonea, akakaa na mikono juu ya magoti. Mwenyekiti wa kamati, mama mtaratibu wa miwani mikubwa, alimsomea tuhuma: kutumia lugha ya kikabila dhidi ya mwanachama wa kujitolea. Akamuuliza anasemaje.

"Aliyoandika kijana niliyasema," Mzee Maganga alijibu. "Yote. Na mengine ameyasahau."

Wajumbe wawili wakaficha kicheko. Mwenyekiti akauliza, "Mzee, je, ulikuwa utani?"

Hapo angeweza kujiokoa. Neno moja lingetosha, ukumbi mzima ulikuwa unalingoja. Aligeuka akanitazama, bila hasira, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata. "Mtani hajitangazi, mama, mtani hukubaliwa. Mwulizeni yeye."

Nikasimama, mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Ndahani, mzee huyu ni mtani wako?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Ni mtani wangu."

Festo alikuwa ameshaufikia ukurasa wa pili wa barua. Akasoma kwa sauti yake ya chini, polepole, jinsi maandishi mazuri yanavyostahili kusomwa: "'Mimi na mzee huyu hatuna uhusiano wowote unaompa ruhusa ya kunitamkia maneno haya.' Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ulikuwa unasema uongo siku ile, au unasema leo?"

Nilisema sikujua. Nilisema nimekulia Tanga. Nilisema mambo mengi, yote ya kweli, na kila nililosema lilizidi kuifanya barua ionekane imeandikwa na mtu timamu na maneno yangu ya siku ile yametolewa na mtu aliyetishwa. Jina la Mzee Maganga lilikatwa. Mtu wa Festo alipita kwenye kura za maoni bila jasho, na wakati ule mimi nilikuwa nimeacha kwenda tawini.

Nilikwenda mara moja kuomba radhi. Mzee alikuwa anapiga pasi. "Nimekusamehe, ndugu Ndahani," alisema mara moja, kabla sijamaliza. "Kijana ana haki ya kuandika anachokiona. Kaa. Tatu, mletee mgeni chai." Nilikunywa kikombe kile, sahani yake chini yake, nikaaga. Bi Tatu alinifuata hadi uchochoroni. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alinisemesha kwa sauti yake ya sokoni.

"Wewe mtoto ni mjinga kiasi gani? Mtani haombwi radhi! Umeomba msamaha, umepewa, sasa kaa na msamaha wako. Ulitakiwa uingie pale umtukane."

"Nimtukaneje, mama, baada ya kumponza?"

"Ndiyo hivyo baada ya kumponza! Ungemwambia nimekukata udiwani, mpagazi, rudi ukabebe mizigo. Angekutupia pasi, mambo yangeisha." Alifuta macho kwa ncha ya kanga, sijui kwa hasira au kwa nini. "Lakini usichelewe. Kidonda kikifunga na uchafu ndani, hakifunguki tena."

Nilichelewa. Kila asubuhi niliyatunga matusi chumbani, nikayarudia mbele ya ukuta, na kila asubuhi nikifika kona ya baraza naiona ile suti ya kijivu imetundikwa msumarini, inangoja mnunuzi, narudi. Zilipita kama siku ishirini. Halafu nikafanya nilichokuja kukifanya mara nyingi sana baada ya hapo maishani: nikafungasha.

Basi la Mwanza liliondoka asubuhi, na njia ya stendi ilipita barazani kwa Mzee Maganga. Nilijiambia nitapita tu. Lakini alikuwa pale, peke yake, anatunga uzi kwenye sindano, na nikasikia sauti yangu ikitoka, kubwa kuliko nilivyokusudia, hata wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara wakageuka: "Wewe mpagazi! Kichwa kimebonyea kwa mizigo ya watu, halafu ulitaka udiwani! Inuka unibebee begi, ndiyo kazi ya ukoo wenu!"

Alimaliza kutunga uzi, akachoma sindano kwenye kitambaa, akavua mkanda wa kupimia shingoni. Akainuka. Akashuka ngazi, akainama, akalichukua begi langu mkononi mwangu.

Tulitembea kuelekea stendi, yeye mbele, mimi nyuma, na kila hatua nilikuwa natazama ule mkono. Akilitia begi kichwani, nilijiambia, nimepona. Akisema "lipa", siondoki Tabora. Hata akilitupa mtaroni nitaliokota nikicheka, nirudi nikafagie ofisi. Alilibeba kwa mpini, kwa uangalifu, upande wa mbali na vumbi la magari. Njiani aliniuliza kama Mwanza nina mwenyeji. Akanishauri nikae upande wa kushoto wa basi, kwa ajili ya jua.

Mlangoni mwa basi aliliweka chini begi, akalipangusa kwa kiganja, akanipa mkono. "Safari njema, ndugu Ndahani. Karibu tena Tabora."

Konda, ambaye alikuwa na haraka, akamuuliza, "Mzee, unapanda?"

"Hapana," Mzee Maganga alijibu. "Namsindikiza mgeni."